Skrubu ya kipandikizi cha jino: jinsi ya kuikaza kwa kipimo sahihi

Taji la kipandikizi, yaani jino bandia linalofungwa juu ya nguzo iliyopandwa mfupani, likianza kucheza, mara nyingi mfupa hauna kosa na kipandikizi chenyewe ni kizima. Skrubu ndiyo imelegea. Kwa mataji ya jino moja, hii ni miongoni mwa hitilafu za kimitambo zinazojirudia zaidi, na sehemu kubwa yake ingezuilika siku ile ile taji lilipofungwa. Mwongozo huu nimewaandikia madaktari wa meno, wasaidizi wao na wanafunzi walioanza kushika vyombo. Ninalotaka mlishike ni hili: namba mnayoisoma kwenye spana haina maana yoyote kama sehemu hazijakaa sawasawa, skrubu imelowa mate, au spana yenyewe haijapimwa tangu inunuliwe.

Kwanza, elewa kinachofanyika ndani ya skrubu

Skrubu inapokazwa hadi mwisho, mwili wake hurefuka kidogo sana, kiasi ambacho jicho haliwezi kukiona. Hurefuka kama mpira wa manati uliovutwa, na kwa kuwa inataka kurudi ilivyokuwa, huzibana abatimenti (kipande kinachounganisha taji na kipandikizi) na kipandikizi pamoja. Mvutano huo ndio unaoshikilia kila kitu. Mgonjwa anapotafuna, nguvu za kutafuna hujaribu kuzitenganisha sehemu mbili zilizobanwa. Maadamu mvutano wa skrubu unazidi nguvu hizo, hakuna kinachosogea. Mvutano ukipungua, sehemu huanza kuchezacheza kwa kiwango kidogo, skrubu hujizungusha nyuma taratibu, na mwishowe hulegea au hukatika.

Tatizo ni kwamba hakuna spana inayopima mvutano. Spana hupima nguvu ya kuzungusha, kwa nyutoni-sentimita (Ncm), na takriban sehemu tisa kati ya kumi za nguvu hiyo huishia kwenye msuguano: chini ya kichwa cha skrubu na kwenye hesi, ile mistari inayouzunguka mwili wake. Ni sehemu moja tu ya kumi inayogeuka kuwa mvutano.

Fanya hesabu hii mara moja maishani, itakusaidia daima. Mafundi mitambo hutumia kanuni rahisi: nguvu ya kuzungusha ni sawa na kigezo cha msuguano, mara kipenyo cha skrubu, mara mvutano. Chukua skrubu ya kipenyo cha milimita 2 iliyokazwa kwa 35 Ncm. Kigezo kikiwa 0.2, mvutano unakuwa nyutoni 875. Kigezo kikipanda hadi 0.3 kwa sababu hesi zimechubuka au zina uchafu, mvutano unashuka hadi nyutoni 583 hivi. Theluthi moja imepotea, na spana imesoma 35 zile zile mara zote mbili. Hizi ni hesabu za kukadiria, lakini zinaonyesha wazi kwa nini usafi wa skrubu ni jambo la kipimo kama ilivyo spana.

Hatua ya 1: Tafuta namba ya skrubu hiyo, usiibuni

Kila mtengenezaji hutoa namba yake kwa kila skrubu. Skrubu za abatimenti nyingi huwa kati ya 20 na 35 Ncm. Skrubu ndogo zinazofunga daraja (meno bandia yaliyounganishwa) juu ya abatimenti za kati mara nyingi ni 15 Ncm hivi. Skrubu za kufunika na abatimenti za uponyaji, zinazowekwa kwa muda ufizi ukipona, hukazwa kwa vidole tu, kwa nguvu ndogo.

Usichukue namba ya mfumo mmoja ukaipeleka kwenye mwingine hata kama skrubu zinafanana kwa macho. Madini hutofautiana: kuna skrubu za aloi ya titaniamu na za aloi ya dhahabu, na kuna zilizopakwa tabaka jembamba la kupunguza msuguano. Skrubu iliyopakwa hivyo hupata mvutano mkubwa zaidi kwa namba ile ile ya spana, kwa hiyo ukiikaza kwa namba ya skrubu nyingine unaweza kuivuta kupita uwezo wake. Karatasi ya maelekezo iwe mezani kabla mgonjwa hajakaa kitini. Na usichanganye namba hii na nguvu iliyotumika kukiingiza kipandikizi mfupani siku ya upasuaji; ile hueleza jinsi kipandikizi kilivyoshika mfupa, na haikuambii lolote kuhusu skrubu ya taji.

Hatua ya 2: Ijue spana uliyonayo

Kuna aina tatu utakazokutana nazo.

Ya kwanza ina mkono mwembamba unaopinda mbele ya mistari ya kipimo. Unavuta ncha ya mkono huo, unapinda, na unasoma ulipofika. Kwa maoni yangu hii ndiyo ya kuaminika zaidi kwa kliniki ya kawaida, kwa sababu haina vipande vingi vya kuchakaa. Lakini ina mtego mmoja ambao wengi hawaujui: spana hiyo ina mwili mgumu na ina mkono mwembamba, na vyote viwili vinaweza kusukumwa. Ukiusukuma mwili mgumu, spana inakaza bila kupima chochote. Mkono mwembamba unabaki kwenye sifuri, na wewe hujui umefika 20 au 60. Kidole kikae kwenye ncha ya mkono unaopinda, basi.

Ya pili hukunja shingo au hulia "ka!" inapofika namba uliyoiweka. Ni rahisi kutumia mahali pa nyuma mdomoni ambapo jicho halifiki. Udhaifu wake ni kwamba ndani ina springi na sehemu zinazosuguana, na vitu hivyo hubadilika kwa kutu, mabaki ya damu na joto la kutakasa vyombo. Spana ya namna hii inaweza kukunja shingo kwa ulaini ule ule wa siku zote huku kipimo chake kimekwisha hama.

Ya tatu ni ya umeme: mashine yenye mota au bisibisi ya elektroniki. Weka mwendo mdogo kabisa unaoruhusiwa, na kumbuka kwamba namba kwenye kioo hutegemea hali ya kichwa kinachoshika bisibisi. Kichwa kilichochakaa hupoteza nguvu njiani.

Kuna wanaokaza kwa vidole na kusema mkono wao una uzoefu. Niliwahi kuamini kwamba jambo hili ni la ubishi wa ladha, lakini hesabu haiungi mkono vidole. Kwa spana yenye mkono wa sentimita 7, kufikia 35 Ncm kunahitaji nyutoni 5 tu kwenye ncha, sawa na uzito wa nusu kilo. Kwa bisibisi fupi ya vidole, yenye shingo ya milimita chache, nguvu ile ile inahitaji vidole vibane mara nyingi zaidi ya hapo, tena vikiwa na glavu zilizolowa. Wengi huishia chini sana ya kipimo na kuhisi wamekaza mno. Vidole vifanye kazi ya kuingiza skrubu hadi inapogota. Kuanzia hapo ni spana.

Hatua ya 3: Kagua bisibisi

Ishike chini ya taa, itazame ncha yake kwa lupu (kioo cha kukuzia). Pembe zikiwa zimeviringika, itupe. Bisibisi iliyochakaa huteleza ndani ya kichwa cha skrubu na kukila, na kichwa kilicholika ni balaa siku utakapotaka kuitoa. Hakikisha pia ni ya mfumo husika. Ncha ya pembesita na tundu la ukubwa unaokaribiana nayo huingiliana vya kutosha kukudanganya, kisha hutelezeana nguvu ikipanda.

Ndani ya tundu la taji, bonyeza bisibisi kwa kidole hadi uhisi imezama kabisa. Tundu likiwa na mabaki ya kompositi (nyenzo ya kuzibia meno) au pamba kutoka kwenye taji la muda, bisibisi haitazama. Toa mabaki yote kwanza.

Hatua ya 4: Skrubu mpya, safi na kavu

Skrubu iliyotumika maabara wakati wa kutengeneza taji imekazwa na kulegezwa mara nyingi. Hesi zake zimesuguana, na kila mzunguko hupunguza mvutano unaoweza kupatikana. Iache ibaki ya maabara. Fungua skrubu mpya kwa ajili ya ukazaji wa mwisho, na uifungue wakati huo tu. Kwenye majaribio ya kuangalia rangi na umbo, tumia ile ya zamani.

Osha ndani ya kipandikizi kwa maji ya chumvi yaliyotakaswa au klorheksidini (dawa ya kuua vijidudu), toa damu na mate, kisha kausha kwa hewa laini. Mtengenezaji akielekeza kupaka jeli fulani kwenye hesi, fuata, asipoelekeza, usipake. Ukibadilisha kilichopo kati ya hesi umebadilisha msuguano, na namba aliyoitoa mtengenezaji ilipimwa kwa hali yake, haikupimwa kwa yako.

Hatua ya 5: Hakikisha taji limekaa kabla ya kukaza

Hapa ndipo kazi nyingi huharibikia. Skrubu ikivuta taji ambalo halijafika chini, spana itasoma namba sahihi huku nguvu yote ikitumika kubana ufizi, au kulisukuma jino jirani, au kukunja vyuma visivyolingana. Baada ya siku chache ufizi unaachia, nafasi inapatikana, na mvutano wote umekwisha.

Weka abatimenti au taji, izungushe kidogo huku na huku hadi uhisi imeingia kwenye pembe zake. Ingiza skrubu kwa vidole. Inapaswa kuzunguka bila ukinzani hadi karibu na mwisho, kisha igote ghafla. Ikianza kuwa nzito mapema na kuendelea kuwa nzito kidogo kidogo, simama. Kuna kitu kimebanwa. Pitisha uzi wa meno pande zote mbili: ukikwama kabisa au ukikatika, maeneo ya kugusana na meno jirani yanabana mno na yanahitaji kusuguliwa. Ufizi ukiwa mweupe, subiri dakika chache. Ukirudi rangi yake, endelea. Usiporudi, umbo la sehemu ya chini ya taji ni pana mno.

Kisha piga eksirei. Mwale uukate mhimili wa kipandikizi kwa pembe mraba, vinginevyo picha itafunika pengo lililopo. Dalili ya mwale mzuri ni kwamba hesi za kipandikizi zinaonekana kali pande zote mbili. Hesi zikiwa na ukungu upande mmoja, picha hiyo haikujibu swali lako, rudia. Ukiona mstari mweusi kati ya taji na kipandikizi kwenye picha nzuri, toa kila kitu na uanze upya. Kuongeza nguvu ya spana hakutaufunga mstari huo.

Hatua ya 6: Linda koo

Bisibisi na skrubu ni vitu vidogo, vinateleza, na vikiingia kwenye njia ya hewa ni dharura. Funga uzi wa meno kwenye tundu la bisibisi na uache mkia mrefu nje ya mdomo. Tandaza shashi nyuma ya ulimi. Mkalishe mgonjwa wima kiasi badala ya kumlaza chali. Msaidizi awe na kifyonzeo mkononi muda wote.

Hatua ya 7: Kaza

Hakikisha mshale wa spana unaelekea upande wa kukaza. Bisibisi isimame kwenye mhimili mmoja na skrubu. Kidole cha mkono wa pili kibonyeze kichwa cha spana kwa wepesi ili isiiname. Spana ikiinama, sehemu ya nguvu yako inaenda kuivuta skrubu ubavuni.

Vuta polepole na mfululizo, bila kushtua. Kwa spana ya mkono unaopinda, sogeza kichwa chako hadi jicho lako litazame mstari kwa unyoofu. Ukitazama kwa mshazari, mkono na mistari vinaonekana vimekutana kabla au baada ya pale vilipokutana kweli, na kosa la nyutoni-sentimita kadhaa hupatikana kwa macho tu. Tazama katikati ya mkono, sio ukingo wake. Ukifika namba, kaa hapo sekunde chache, kisha achia taratibu.

Kwa spana inayolia au kukunja shingo, simama pale pale inapolia. Mara moja inatosha. Ile tabia ya "ka-ka" mara mbili tatu kwa ajili ya uhakika huongeza nguvu juu ya kipimo, na ukiendelea kusukuma shingo ikiwa imeshakunjika, hakuna tena kinachozuia nguvu kupanda.

Mgonjwa akihisi maumivu makali ndani ya mfupa, au ukiona kipandikizi chenyewe kinazunguka, acha mara moja. Kipandikizi hicho huenda hakijashikamana na mfupa, na hilo ni suala jingine kabisa.

Hatua ya 8: Subiri dakika 10, kaza tena

Hata chuma kilichochongwa vizuri kina vilima vidogo sana juu ya uso wake. Vinapobanwa, vilima hivyo husagika, sehemu zinakaribiana zaidi, na skrubu inapoteza urefu kidogo. Kiasi cha asilimia 2 hadi 10 ya mvutano wa mwanzo hupotea kwa njia hii, sehemu kubwa yake ndani ya dakika za kwanza. Ndiyo maana unasubiri dakika 10 kisha unakaza tena kwa namba ile ile.

Fanya hivi kwa kuangalia saa ya ukutani. Katika mzunguko huu wa pili, itazame bisibisi kwa makini: mara nyingi utaona kishikio kikisogea digrii chache kabla ya kufika namba, ilhali mwanzo ulikiacha kikiwa kimegota. Msogeo huo mdogo ndio mvutano uliopotea, na sasa umeurudisha. Nawasihi wenzangu wasiiruke hatua hii kwa sababu foleni ni ndefu. Tumia muda huo kuangalia umbo la taji na kuzungumza na mgonjwa.

Skrubu zaidi ya moja

Daraja lina shida ya ziada: skrubu moja inaweza kulilazimisha likae mahali lisipotaka kukaa. Pima kwanza. Kaza skrubu ya upande mmoja wa mwisho peke yake, kisha angalia upande wa pili kwa jicho na kwa eksirei. Upande wa pili ukinyanyuka, daraja halikai kwa utulivu na linahitaji kurudi maabara. Likikaa, ingiza skrubu zote kwa vidole, anza kukaza zile za katikati ukielekea pembeni kwa kupishana kulia na kushoto, kwanza hadi nusu ya kipimo, kisha raundi ya pili hadi kipimo kamili. Dakika 10, kisha raundi ya tatu.

Kuziba na kuandika

Jaza tundu kwa tepu ya tefloni iliyotakaswa, ishindilie vizuri hadi ifunike kichwa cha skrubu, kisha funga juu kwa kompositi. Tepu hutoka kwa kuvutwa siku ya kufungua, na hainuki kama pamba iliyokaa mwaka mzima. Angalia mng'ato, yaani namna meno ya juu na ya chini yanavyokutana: taji linalogongwa kabla ya meno mengine, hasa ubavuni, litailegeza skrubu hata kama kila hatua ilifuatwa.

Kwenye faili andika mfumo, aina ya skrubu, namba uliyotumia, spana ipi, na kwamba ulikaza mara mbili. Atakayelifungua taji hilo miaka mitano ijayo atakushukuru.

Kuitunza spana

Ifungue vipande vyake vyote baada ya kila mgonjwa, isugue, isuuze, ikaushe, kisha ipitishe kwenye otoklevu (mashine ya kutakasa kwa mvuke) ikiwa imefunguliwa kama maelekezo yake yanavyosema. Weka mafuta pale tu mtengenezaji alipoonyesha. Spana yenye springi ya kurekebishwa ilegezwe hadi mwanzo kabla ya kuhifadhiwa. Springi iliyobaki imebanwa miezi mingi hulegea.

Irudishe kupimwa kwa ratiba anayotoa mtengenezaji, na angalau mara moja kwa mwaka kama hakutoa. Vyombo hivi vya mkono vya vipandikizi vina kiwango chake cha kimataifa, ISO 11953, kwa hiyo mtengenezaji asiyeweza kukueleza usahihi wa spana yake usinunue kwake. Spana iliyoanguka sakafuni ipimwe kabla ya kutumika tena. Kwa 35 Ncm, kosa la asilimia 10 ni kati ya 31.5 na 38.5, zaidi ya hapo sikushauri uiweke mdomoni mwa mtu.

Mgonjwa akirudi na taji linalocheza

Tofautisha kwanza: ni taji linalocheza juu ya kipandikizi, au kipandikizi chenyewe ndani ya mfupa? Eksirei itasaidia. Ikiwa ni skrubu, usiikaze tu na kumruhusu aende. Itoe, itazame hesi zake kwa lupu, weka mpya, na utafute sababu kwenye mng'ato, kwenye kukaa kwa taji na kwenye spana iliyotumika. Mwambie mgonjwa asiendelee kutafunia upande huo akihisi mchezo wowote, asingojee miadi ya kawaida, na asijaribu kulikaza mwenyewe. Skrubu iliyolegea ikitafuniwa wiki kadhaa hupinda huku na huku hadi inakatika, na kipande kinachobaki ndani ya kipandikizi hutolewa kwa kazi ndefu, wakati mwingine bila mafanikio.